Viti Vilivyokodiwa Vipumzike

Mratibu wa kampeni alipokuja kukodi viti, kitu cha kwanza alichouliza ni hali ya mgonjwa. Mama Viti alimpenda kwa hilo. Wateja wengine husimama getini na kupaza sauti, "Mama, una viti vingapi?", kana kwamba ndani hamna mtu wa kusalimiwa. Huyu alivua viatu mlangoni, akakaa, akapokea maji ya kunywa, akauliza mama mzazi anaendeleaje na kifua chake, na dawa zinapatikana au bado ni zile za njoo kesho. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kola inasimama yenyewe. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwambia hapana kabla hajamaliza maji yake.

"Mheshimiwa anahitaji viti," akasema. "Na maturubai."

"Lini?"

"Kuanzia leo mpaka siku ya kura."

"Vingapi?"

"Vyote, Mama."

Mama Viti alicheka. Alikuwa mjane wa umri wa kuwa na wajukuu, mwenye viti vya plastiki vya kujaza uwanja na maturubai ya kufunika mtaa, na katika kata ile hapakuwa na mtu aliyeoa, aliyeolewa wala aliyefiwa bila kukalia mali yake. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwambia vyote.

"Na mikutano yote hiyo anahutubia yeye peke yake? Koo si litamchubuka?"

Mratibu naye akacheka, kwa adabu. Huyo Mheshimiwa wake hakuwa na cheo chochote bado. Alikuwa mfanyabiashara wa saruji aliyeamua kugombea udiwani, na watu wake walianza kumwita Mheshimiwa mapema ili midomo ya watu izoee. Midomo ilizoea upesi, maana aliyelitamka jina hilo vizuri hakuondoka mikono mitupu.

"Mdogo wangu naye anagombea," Mama Viti akasema, kwa kuwa hakuwa mtu wa kufichaficha. "Mwalimu. Nimeshamwahidi viti vya vikao vyake."

"Tunajua, Mama. Mwalimu ni mtu mzuri sana, kanifundishia binti yangu. Hayo tutayapanga wenyewe, sisi si watu wa kugombana." Akaweka bahasha mezani, taratibu, karibu na chupa za dawa. "Na tunalipa yote mbele."

Bahasha ilikuwa nene. Mama Viti aliiangalia, kisha akaziangalia chupa, ambazo nyingi zilikuwa tupu na zilibaki pale kwa ajili ya kukumbuka majina ya dawa. Katika chumba cha ndani mama yake akaanza kukohoa kile kikohozi kirefu ambacho humfanya mtu anayekisikia naye ashike pumzi. Walisubiri wote wawili kiishe.

"Haya," Mama Viti akasema.

Mchana walikuja wanaume wawili, wakahesabu viti, wakakunja maturubai vizuri kuliko yeye mwenyewe alivyokuwa akiyakunja, wakafunga mlango wa stoo. Kisha wakaweka kufuli yao juu ya kufuli yake. Aliwauliza ya nini. Wakamwambia ni utaratibu wa ofisi, Mama, na ufunguo wao wakaondoka nao.

Kuna jambo ambalo Mama Viti hakulisema siku ile, na hakulisema kwa sababu katika kazi yake halisemwi. Viti vya msiba hutoka kwanza. Hata kama harusi imelipiwa mwezi mzima nyuma na bibi harusi ameshavaa, mtu akifa viti vinakwenda msibani, na malipo huzungumzwa baada ya mazishi, watu wakishafuta machozi. Bwana harusi ataletewa vilivyobaki na atameza mate anyamaze, kwa kuwa naye ana wazazi. Hakuna mkodishaji anayemkumbusha mteja jambo hilo, kama ambavyo hakuna anayemkumbusha mgeni asiteme mate sakafuni. Kwa hiyo alipopokea bahasha aliamini kwamba hilo nalo limo ndani yake. Sentensi moja tu ingetosha kulitaja, na hakuitaja.

Wiki ya kwanza alikaa akisubiri gari lije kubeba viti. Halikuja. Mheshimiwa alifanya mkutano wake wa kufungua kampeni, na Mama Viti aliusikia kutoka jikoni, muziki na honi na vigelegele, lakini hakuona kiti hata kimoja kikitoka. Watu walisimama, wakacheza nyuma ya lori, wakapewa fulana, wakarudi nyumbani wamechoka na kufurahi. Mkutano wa pili vilevile. Wa tatu vilevile. Viti vilikuwa stoo, vimepangwa mnara juu ya mnara, vimelipiwa kila siku vikae bila kukaliwa.

Alielewa pole pole, na alipoelewa hakushtuka. Alikwenda dukani akakutana na yule bwana wa kukodisha spika na vipaza sauti, ambaye mtaa mzima ulimwita Kelele, amekaa mlangoni kwake anakata kucha.

"Leo huna kazi?" akamuuliza.

"Ninayo. Hii unayoiona." Kelele akaonyesha mlango wake, nao ulikuwa na kufuli mbili. "Nimekodiwa ninyamaze, dada yangu. Sijawahi kupata kazi nyepesi hivi. Mke wangu anasema hata ndani nimepungua kelele."

Ukumbi wa kata ulikuwa umekodiwa. Mabenchi ya chama cha ushirika yalikuwa yamekodiwa. Hakuna aliyetishwa, hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeweza kwenda popote kulalamika, maana ungelalamika nini? Kwamba umelipwa vizuri na mali yako haichakai? Mama Viti alinunua sukari yake akarudi nyumbani.

Mwalimu alikuja jioni moja, ameshika baiskeli kwa mkono. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, mwembamba, mwenye tabia ya kusubiri kidogo kabla ya kujibu, kama vile yuko darasani na anawapa wengine nafasi. Aliamua kugombea udiwani kwa sababu ya uwanja wa shule. Uwanja ule ulikuwa umezungushiwa mabati wakati wa likizo, na wanafunzi waliporudi wakaambiwa wachezee barabarani, na hadi leo hakuna aliyesema nani aliuza na nani alinunua. Mwalimu hakuwa hodari wa kuhutubia. Alichokitaka ni watu wakae chini, kivulini, wazee kwa vijana, waulize maswali hadi yaishe. Kampeni yake yote ilikuwa hiyo, na haiwezekani bila viti.

"Dada, Jumamosi nina kikao. Nipe hata vile vilivyokatika miguu, nitavifunga waya."

"Hata vilivyokatika wamevifungia."

"Stoo si yako?"

"Yangu."

Mwalimu akasubiri kidogo, kama kawaida yake. "Ulijua?"

"Sikujua. Nilidhani anavitaka avikalie."

Ilikuwa kweli, na kwa masikio yake mwenyewe ilisikika kama maneno ya mtoto aliyevunja sahani. Alingoja mdogo wake akasirike, amwambie dada umeniuza, amalize. Mwalimu hakusema hivyo. Aliingia ndani, akakaa kitandani kwa mama yao, akamshika miguu, wakaongea mambo ya zamani.

Jumamosi Mama Viti alibeba kiti cha jikoni, kigoda na lile benchi la ukutani, akavipeleka kwenye kikao. Vilikuwa vichache hata kuviangalia ni aibu. Watu walikuja wengi kuliko alivyotarajia, na kwa muda walivumilia. Lakini jua lilikuwa la utosini na hapakuwa na turubai. Bibi mmoja aliyekuja mahususi kuuliza habari za uwanja alihama mguu huu akaenda mguu ule, kisha akamwomba Mwalimu radhi mbele za watu kwamba magoti yamemshinda, akaondoka. Baada yake wakaondoka wengine, mmoja mmoja, bila kelele, kila mtu akimwonyesha Mwalimu kwa ishara kwamba magoti, au mtoto, au sufuria iko jikoni. Walibaki vijana wachache ambao hawakuwa na swali lolote. Mwalimu aliwajibu hata hivyo.

Kisha akafa Fundi Saa, jirani wa nyumba ya tatu, mtu mpole aliyekuwa akitengeneza saa za mkono kwenye kibanda chake hata baada ya watu kuacha kuzivaa. Wanawe walikuja getini kwa Mama Viti kama ambavyo ingekuwa siku yoyote. Hawakuuliza kama vipo. Waliuliza tu wavipitishie mlango gani.

Aliwapeleka mpaka stoo wakaziona zile kufuli. Yule mkubwa akamtazama usoni akidhani ni mzaha. Mama Viti akampigia simu Mratibu, na kabla hajamaliza kueleza Mratibu akasema, "Msiba, Mama? Mbona unaomba? Vinakuja sasa hivi." Na kweli, wale wanaume wawili wakaja na ufunguo, wakavitoa stoo na kuvifikisha msibani upesi kuliko yeye alivyowahi kuvipeleka popote. Vikaenda na maturubai, na kwenye kila turubai wakatundika kitambaa chenye uso wa Mheshimiwa, mkubwa kama mlango, anatabasamu kwa huzuni. Mchana akaja mwenyewe, akamkumbatia mjane, akatoa rambirambi ambayo mshereheshaji aliitangaza mara mbili. Watoto wa Fundi Saa walilia kwa shukrani.

Baada ya hapo hakuna aliyekuja getini tena. Kwa nini mtu amsumbue Mama Viti? Waliofiwa walipiga simu kwa Mratibu moja kwa moja, na misiba yote ya kata, mikubwa kwa midogo, ikawa ya Mheshimiwa. Alizika watu wengi wiki zile kuliko hospitali ilivyotibu. Mama Viti alihudhuria misiba hiyo kama jirani, akakaribishwa kiti chake mwenyewe na kijana aliyevaa fulana ya kampeni, na akasema ahsante. Ndipo alipoanza kuona kwamba kuna kitu ndani yake kimekufa ganzi. Hakukasirika, hakuona haya, hakulala macho. Alikula, akafua, akampa mama yake dawa kwa wakati, maana dawa sasa zilikuwepo.

Dawa hizo ndizo zilizompa mama yao wiki za ziada, na wiki za ziada zikaisha siku chache kabla ya kampeni kufungwa. Alikufa asubuhi, baada ya kuomba chai na kuiacha ipoe. Mama Viti alimfumba macho, akamfunika, akakaa kando ya kitanda akiwa bado ameshika kikombe. Alisubiri kilio kije. Alikuwa na uhakika kwamba kitakuja, kama mtu aliyesimama mahali linapopita gari kila siku.

Mwalimu alifika na macho mekundu. Kisha, uani, karibu na mlango wa stoo, Mwalimu akasema:

"Dada, nakuomba kitu kimoja tu. Mama asizikwe chini ya picha ya yule mtu."

"Watu watakaa wapi?"

"Tutatandika mikeka. Tutaazima kwa majirani."

"Shangazi hawezi kukaa chini, akikaa hainuki. Na wanaotoka mbali? Na mvua je? Unaona wingu hilo?"

"Basi wanyeshewe."

"Mdogo wangu."

"Viti ni vyako," Mwalimu akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Maturubai ni yako. Stoo ni yako, kiwanja ni chako, na huyu ni mama yetu. Fungua."

Akaondoka kwenda kutafuta mikeka. Mama Viti aliingia jikoni, akatoa nyundo, akarudi mlangoni mwa stoo. Kufuli ile haikuwa ngeni kwake, ilikuwa ya bei rahisi, pigo la pili lingeivunja. Aliinua nyundo. Akafikiri kwamba akiivunja atadaiwa bahasha, na bahasha ilikuwa imeshamezwa, kijiko kwa kijiko, na mtu aliyelala mle ndani amefunikwa. Akafikiri kuhusu Mwalimu, kwamba mara moja katika maisha yake yote mdogo wake amemwomba kitu. Yote mawili aliyafikiri vizuri kabisa, na hakuna lililomuuma. Mkono ulikuwa mzito. Akaiweka nyundo chini, akapiga simu.

Mratibu alipokea hapo hapo. "Pole sana, Mama. Pole mno. Usijisumbue, tumeshasikia. Gari liko njiani."

Na kweli, alikuwa bado ameshika simu aliposikia lori likirudi nyuma kwenye kichochoro.

Mwalimu aliporudi na mikeka mitatu kwapani, maturubai yalikuwa yamesimama na uso ule unatabasamu pande zote za ua. Alizungusha macho, akaangalia moja baada ya jingine, akamwangalia dada yake. Mama Viti alikuwa na maelezo tayari. Mwalimu hakuyaomba. Alikwenda kuiweka mikeka jikoni, nyuma ya mlango, taratibu, mtu asiione.

Mazishi yalikuwa mazuri, kila mtu alisema. Mvua ilinyesha na hakuna aliyelowa. Shangazi alikaa kiti chenye mikono. Kelele aliruhusiwa kufungua spika zake kwa siku moja, na sauti ilikuwa safi hata waliosimama barabarani walisikia sala. Mheshimiwa alikuja bila msafara mkubwa, amevaa nguo nyeusi, akabeba jeneza hatua chache pamoja na vijana wa familia. Makaburini Mama Viti alijikwaa kwenye udongo mbichi, na mkono uliomdaka kiwiko ulikuwa wake. Alimshikilia mpaka aliposimama sawasawa. "Nami niliondokewa na mama nikiwa mbali," akamwambia, polepole, bila kipaza sauti, bila mtu mwingine kusikia. Ulikuwa mkono wa joto. Mama Viti aliukumbuka kuliko kitu kingine chochote cha siku ile, na baadaye ilimsumbua kwamba ni huo.

Waliporudi nyumbani mshereheshaji akatangaza neno la shukrani la familia, ambalo kwa kawaida hutolewa na mtoto wa kiume. Mwalimu akasimama. Akapewa kipaza sauti.

Mama Viti aliona kile ambacho mdogo wake alikuwa akikiona. Mbele yake kata nzima ilikuwa imekaa. Walikuwa kivulini, wametulia, wazee mbele na vijana nyuma, yule bibi wa magoti safu ya pili, wote wanamtazama yeye na kusubiri. Kikao alichokihangaikia kampeni yote kilikuwa kimekamilika, na sauti ilikuwepo. Mratibu alisimama pembeni amefunga mikono, hana wasiwasi. Mwalimu akasubiri kidogo kabla ya kuanza, na kule kusubiri kukawa kurefu, hadi shangazi akakohoa.

"Tunawashukuru majirani," akasema. "Tunamshukuru daktari. Tunamshukuru dada yangu, aliyemuuguza mama mpaka mwisho." Mtu akifiwa na akasaidiwa, humtaja aliyemsaidia, hata mwendawazimu hulifanya hilo. "Na tunamshukuru Mheshimiwa, kwa viti, na kwa maturubai. Ametusitiri."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa.

Kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya mwisho ya kampeni, gari la Mheshimiwa lilizunguka mitaa yote likipiga sauti ya Mwalimu. Hawakuongeza neno. Hawakuhitaji. "Tunamshukuru Mheshimiwa. Ametusitiri," kisha muziki, kisha tena. Watu wakamsimamisha Mwalimu barabarani kumpongeza. Wengine walimuuliza atapewa nafasi gani ofisini. Aliwaambia bado anagombea, hajajiunga na mtu, na wao wakamkonyeza. "Tumekuelewa, Mwalimu. Hii ndiyo siasa ya kistaarabu." Bibi wa magoti alimwambia amefanya jambo la busara, ugomvi haujengi. Alipofika kwa wa tano au wa sita Mwalimu aliacha kueleza, akashuka kwenye baiskeli, akaikokota hadi nyumbani kwa dada yake.

Siku ya kura walikwenda shuleni, kila mtu kwa wakati wake. Vyumba viligawanywa kwa majina ya ukoo, hivyo Mama Viti na mdogo wake waliangukia chumba kimoja, darasa la mwisho kwenye safu, lenye dirisha linalotazama yale mabati ya uwanjani. Foleni ilikwenda upesi. Msimamizi alimtazama kwa huruma akampa karatasi.

Kwenye kile kijumba cha siri alizikuta picha mbili tu, moja juu ya nyingine. Mwalimu alikuwa amepigwa picha akiwa na shati lake la kazini, lile ambalo kifungo cha juu hakifungi. Alimjua mtu huyo tangu akiwa anabebwa mgongoni, mgongo huu huu. Alijua kwamba haki iko upande wake, kwa uwanja, kwa viti, kwa maneno, kwa kila kitu. Kisha akautazama uso wa pili, na kiwiko chake kikaukumbuka ule mkono. Alimzika mama. Aliyekuzikia mama humpi kisogo wiki hiyo hiyo, aliwaza, na akajua hapo hapo kwamba hivi ndivyo kata nzima inavyowaza, chumba kwa chumba, na kwamba ndicho kilichonunuliwa. Kujua hakukusaidia. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaweka alama kwa Mheshimiwa, vizuri, katikati ya kisanduku, isije ikaharibika. Akaikunja karatasi, akaitumbukiza, akachovywa wino kidoleni. Hakusikia kitu.

Nje alimkuta Mwalimu ameegemea ukuta. Wakasalimiana, wakaulizana kama kila mmoja ameshakula.

Jioni giza likianza kuingia Mwalimu alikuja nyumbani. Milangoni mwa madarasa yalikuwa yamebandikwa matokeo na mtaani honi zilikuwa zinapigwa. Alikaa jikoni. Mama Viti akampa maji, akaendelea kukoroga chungu kwa sababu kilihitaji kukorogwa.

"Nimepita vyumba vyote," Mwalimu akasema. "Vingine vina kura sita, saba. Kuna kimoja hakina kitu kabisa."

"Pole, mdogo wangu."

"Chetu kina mbili."

Mama Viti akaacha kukoroga.

"Mbili, dada. Yangu na yako." Mwalimu alicheka kidogo, kisha uso wake ukakunjamana na machozi yakamtoka, yale ambayo hata makaburini hakuyatoa mbele za watu. Akanyoosha mkono akaushika wa dada yake, ule wenye wino, akaukumbatia kwa mikono yote miwili. "Leo nilisimama pale nje siku nzima. Nikajiambia, hata wote wakinikimbia, ya dada ipo. Nilikukasirikia, sikufichi. Siku ya maturubai nilikukasirikia mno. Nisamehe."

Mama Viti aliutazama mkono wake ndani ya mikono ile. Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine. Mmoja katika foleni ile aliingia, akamchagua Mwalimu, akatoka akaenda zake bila kumwambia yeyote. Labda ni yule mzee wa mbele yake aliyesahau miwani akawa anasoma karatasi puani, au yule mama aliyekuwa akinyonyesha, au kijana wa fulana ya kampeni aliyeivaa ndani nje. Alitamani kumjua. Alitamani sana, ghafla, na kilikuwa kitu cha kwanza kumuuma tangu mama yake afe.

Mdogo wake alikuwa akisubiri, macho yamejaa.

"Ndiyo," Mama Viti akasema. "Yangu na yako."